Bill Graham: Promota aliyewaona mashabiki wa roki kuwa wageni wake

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Ijumaa, Oktoba 25, 1991, mvua na upepo mkali vililikumba eneo la Ghuba ya San Francisco, nchini Marekani. Katika hali hiyo ya hewa, helikopta iliyobeba watu watatu iligonga mnara wa nyaya za umeme mkubwa karibu na mji wa Vallejo. Wote watatu walifariki dunia.

Mmoja wao alikuwa Bill Graham, promota wa muziki aliyekuwa na umri wa miaka 60. Alikuwa akirejea kutoka mji wa Concord, ambako bendi ya Huey Lewis and the News ilikuwa na onyesho. Siku tano kabla ya hapo, moto mkubwa ulikuwa umeteketeza makazi ya watu katika vilima vya Oakland na kuua watu 25. Graham alikwenda Concord kuiomba bendi hiyo ishiriki tamasha la kuwachangia waathirika wa moto huo. Ombi lake likakubaliwa, akapanda helikopta. Hayo ndiyo yakawa makubaliano yake ya mwisho.

Siku tisa baadaye, Novemba 3, 1991, watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 walifurika katika bustani ya Golden Gate, mjini San Francisco, kumuaga katika tamasha lisilo na kiingilio. Santana walipiga, Grateful Dead wakapiga, na Crosby, Stills, Nash and Young nao wakapanda jukwaani.

Ni nadra kwa umati wa namna hiyo kukusanyika kwa ajili ya mtu ambaye hakuacha hata wimbo mmoja. Wapenzi wa muziki hulikumbuka jina la mwimbaji, pengine na la mpiga gitaa. Aliyekodi ukumbi, aliyebandika matangazo na aliyesimama mlangoni husahaulika kabla vumbi la dansi halijatulia.

Hata hivyo, msomaji aliyepata kununua tiketi ya onyesho la saa 2:00 usiku, akamwona msanii saa 7:00 usiku huku vipaza sauti vikikoroma, anajua ni nani hasa anayeamua kama fedha yake imekwenda halali au imepotea. Ni promota. Na miongoni mwa waliojenga kazi hiyo kama inavyojulikana leo duniani, jina la Graham ni vigumu kulikwepa.

Kutoka Berlin hadi New York

Alizaliwa Januari 8, 1931 mjini Berlin, Ujerumani, akaitwa Wolfgang Grajonca. Alikuwa mtoto wa mwisho na wa kiume pekee katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa imehamia huko ikitokea Urusi. Baba yake alifariki dunia siku mbili tu baada ya yeye kuzaliwa. Mama yake, aliyebaki na watoto sita katika nyakati ngumu, alimpeleka katika nyumba ya kulelea yatima ili naye apate kufanya kazi.

Mwaka 1939, watawala wa Kinazi wakiwa wamekwisha kuwabana Wayahudi kila upande, mtoto huyo alipelekwa Ufaransa pamoja na watoto wenzake. Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ufaransa mwaka uliofuata, watoto hao wakalazimika kukimbia tena, sehemu kubwa ya safari wakitembea kwa miguu, kupitia Hispania hadi Ureno. Dada yake aliyekuwa naye aliugua njiani na hakunusurika. Mama yao aliuawa katika maangamizi ya Wayahudi.

Wolfgang alifika New York mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 10, hajui Kiingereza. Familia moja ya eneo la Bronx ilimpokea na kumlea. Watoto wenzake walimdhihaki kwa lafudhi yake ya Kijerumani, naye akajilazimisha kuiondoa. Alipokua akaamua kubadili na jina pia. Alifungua kitabu cha namba za simu, akatafuta jina lililokaribiana na la ukoo wake, akachagua Graham.

Alipigana vita ya Korea katika jeshi la Marekani na kutunukiwa nishani ya Nyota ya Shaba. Baada ya hapo alifanya kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli za mapumziko kwenye milima ya Catskill, kaskazini mwa jiji la New York. Huko alijifunza kumtambua mgeni anayetaka kuondoka kabla hajanyanyuka kitini. Baadaye alikuwa akisema kwamba kazi hiyo ya hotelini ndiyo iliyomwandaa kuwa promota.

Harambee iliyozaa biashara

Kilichomwingiza katika muziki hakikuwa mpango wa biashara. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 alihamia San Francisco, akaacha kazi ya ofisini yenye mshahara mzuri na kuwa meneja wa kundi la maigizo la San Francisco Mime Troupe. Kundi hilo lilikuwa likiigiza katika bustani za jiji, michezo yake ikiwakejeli wakubwa. Agosti 1965 kiongozi wa kundi alikamatwa kwa kuigiza bila kibali.

Zilihitajika fedha za kuendesha kesi. Graham akaandaa harambee Novemba 6, 1965, katika jengo la kundi hilo. Jefferson Airplane, bendi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kujulikana, ilikuwa miongoni mwa waliotumbuiza. Watu walikuja wengi kupita uwezo wa jengo, na foleni ikabaki nje barabarani.

Hapo Graham akaona jambo ambalo wengine walikuwa hawajalitazama kwa jicho la hesabu. Kulikuwa na kizazi kizima cha vijana wenye muziki wao mpya, lakini hakikuwa na mahali pa kuusikiliza. Desemba 10 mwaka huo huo akaandaa harambee ya pili, safari hii katika ukumbi wa Fillmore, uliopo kwenye makutano ya mitaa ya Fillmore na Geary.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara katika masimulizi ya ukumbi huo. Fillmore haukuwa gofu lililokuwa likimsubiri Graham aje alifufue. Ulikuwa katika mtaa wa Wamarekani weusi, na aliyekuwa na mkataba wa pango pamoja na kibali cha dansi ni mfanyabiashara mweusi, Charles Sullivan, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaleta hapo wanamuziki wakubwa weusi. Ni Sullivan aliyemruhusu Graham autumie ukumbi na kibali chake wakati mamlaka za jiji zilipokuwa zikimzungusha. Sullivan aliuawa kwa kupigwa risasi Agosti 1966, na hakuishi kuona ukumbi aliouazima ukipata umaarufu wa dunia nzima kwa jina la mtu mwingine.

Pipa la matufaha

Ili kuelewa alichofanya Graham, yafaa kwanza kueleza promota hufanya nini. Humlipa msanii kiasi walichokubaliana, ukumbi ujae usijae. Hulipia pango, kibali, matangazo, mafundi wa mitambo, walinzi na wafagiaji. Kisha hukaa akisubiri mlango ufunguliwe. Watu wakija, faida ni yake baada ya kulipa wote. Wasipokuja, hasara ni yake peke yake.

Kwa sababu hiyo, kishawishi cha promota yeyote ni kupunguza matumizi mahali ambapo msanii haoni, yaani upande wa shabiki. Ukumbi hubaki mchafu, vipaza sauti hukodiwa vya bei rahisi, na tiketi huuzwa kupita idadi ya nafasi zilizopo.

Graham alikwenda kinyume chake. Kwenye mlango wa Fillmore aliweka pipa lililojaa matufaha, na kila aliyeingia aliruhusiwa kuchukua moja au mawili bila malipo. Gharama yake ilikuwa ndogo, ujumbe wake mkubwa: uliyelipa kiingilio umefika kwa mwenyeji, nawe ni mgeni.

Mwenyewe alizunguka ukumbini usiku kucha akiwa na ubao wa karatasi mkononi, akiokota takataka, akikagua milango na kuwahimiza wanamuziki waanze kwa wakati. Alisimamia ubora wa sauti na mwanga, mambo ambayo wakati huo yalionekana ya ziada katika muziki wa vijana. Hata mabango ya matangazo aliyafanya kazi ya sanaa. Wachoraji kama Wes Wilson na Bonnie MacLean, aliyekuwa mke wa Graham, walichora mabango ya rangi kali na herufi zilizojipindapinda. Mengine yaligawiwa bure, na leo yamehifadhiwa katika makumbusho.

Jambo la pili lilikuwa upangaji wa wasanii. Graham hakutaka vijana waje kusikia wanachokijua tu. Aliwachanganyia. Desemba 1966 alimleta Otis Redding, mwimbaji mweusi kutoka Georgia, mbele ya vijana wengi weupe ambao kwa kawaida wasingevuka mtaa kwenda kumsikiliza. Mwaka 1967 akamleta B.B. King, mkongwe wa muziki wa bluzi, aliyekuwa amezoea kupiga katika kumbi za weusi. King alisimulia baadaye kwamba alipotangazwa, vijana wote walisimama kumpigia makofi kabla hajagusa gitaa, naye akalia.

Mwaka 1970 ilikuwa zamu ya Miles Davis, bingwa wa tarumbeta na jazi, aliyewekwa jukwaa moja na bendi za roki. Shabiki alilipia jina alilolijua, akaondoka na jina asilolijua.

Kwa msomaji wa Afrika, mfano wa karibu zaidi ni bendi ya Santana. Graham aliipa nafasi ilipokuwa bado haina hata albamu moja, na mwaka 1969 aliwashinikiza waandaaji wa tamasha la Woodstock waiweke katika orodha yao. Miongoni mwa nyimbo zilizoitambulisha bendi hiyo ni Jingo, kazi ya mpiga ngoma wa Nigeria, Babatunde Olatunji. Kwa njia hiyo mdundo wa Afrika Magharibi ulipita katika kumbi za promota huyu ukaingia katika nyumba za vijana wa Marekani.

Kumbi zafungwa, viwanja vyafunguliwa

Machi 8, 1968 alifungua ukumbi wa pili mjini New York, akauita Fillmore East. Siku ya ufunguzi kiingilio kilikuwa kati ya dola 3 na dola 5, na Janis Joplin alikuwa jukwaani na bendi yake ya Big Brother and the Holding Company. Julai mwaka huo huo alihamisha shughuli zake za San Francisco kwenda ukumbi mkubwa zaidi, ulioitwa Fillmore West.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, alizifunga kumbi zote mbili. Sababu yake kubwa ilikuwa hesabu. Wanamuziki aliowakuza wakiwa hawana kitu sasa walikuwa na mawakala na mawakili, na walitaka malipo ambayo ukumbi wa viti vichache usingeweza kuyatoa. Bendi ingeweza kupiga usiku mmoja katika uwanja mkubwa na kupata zaidi ya kile ambacho ingepata kwa usiku kadhaa Fillmore. Graham alilalamika hadharani kwamba muziki ulikuwa umegeuka kiwanda.

Lakini baada ya kulalamika, alikwenda huko huko viwanjani. Mwaka 1973 alianzisha matamasha ya mchana katika uwanja wa Oakland. Mwaka 1974 alisimamia ziara ya Bob Dylan na The Band, maonyesho 40 ndani ya wiki sita, na mwaka 1981 ziara ya Rolling Stones nchini Marekani. Hapa ndipo wakosoaji wake walipomshika. Walisema mtu aliyeonya juu ya kiwanda ndiye aliyekijengea paa.

Utetezi wake ulikuwa kwamba umati utakuwepo, atake asitake, na umati usio na mwangalizi ni hatari. Ushahidi haukuwa mbali. Desemba 6, 1969, tamasha la bure liliandaliwa haraka haraka huko Altamont, California, bila yeye. Genge la waendesha pikipiki la Hells Angels lilipewa kazi ya kulinda jukwaa, na kijana mweusi wa miaka 18, Meredith Hunter, alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa. Kwa jumla watu wanne walipoteza maisha siku hiyo. Graham aliwalaumu waandaaji kwa maneno makali.

Biashara haigombi, yeye aligomba

Wahenga walisema biashara haigombi. Graham aligomba karibu kila siku, na biashara yake ikasimama. Alifokea wanamuziki, mawakala, polisi na wafanyakazi wake mwenyewe. Waliomtumikia wamemweleza kama mtu aliyeweza kukufukuza kazi asubuhi na kukukumbatia jioni.

Wanaharakati wa mrengo wa kushoto walimwita mnyonyaji, wakidai muziki ni mali ya umma na milango iachwe wazi. Yeye aliwajibu kwamba mwanamuziki na mfagiaji wote wanahitaji kulipwa. Ugomvi huo haukupata kuisha, na pengine pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Ukali wake ulikuwa na upande mwingine. Julai 23, 1977, katika onyesho la Led Zeppelin mjini Oakland, mmoja wa wafanyakazi wake alipigwa vibaya na watu wa msafara wa bendi hiyo, wakiwamo meneja Peter Grant na mpiga ngoma John Bonham. Bendi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani. Graham aliwasimamia watu wake, suala likafika kwenye vyombo vya sheria, na wahusika wakatiwa hatiani. Alitangaza kwamba hatafanya tena kazi na bendi hiyo.

Mwaka 1985 aligombana na Ikulu ya Marekani. Rais Ronald Reagan alikuwa amepanga kuzuru makaburi ya Bitburg, Ujerumani, walikozikwa pia askari wa kikosi cha SS cha Wanazi. Graham, aliyempoteza mama na dada katika enzi hiyo, aliongoza maandamano mjini San Francisco. Siku chache baadaye ofisi yake ilichomwa moto usiku, na kumbukumbu nyingi za miaka 20 ya kazi zikateketea.

Philadelphia, Harare na Abidjan

Moto huo haukumsimamisha. Julai 13, 1985 alisimamia upande wa Marekani wa tamasha la Live Aid mjini Philadelphia, lililokusanya fedha kwa ajili ya waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Hata hapo lawama hazikukosekana, kwani wengi waliuliza ni kwa nini wasanii weusi walikuwa wachache katika tamasha lililohusu Afrika.

Mwaka 1988 aliongoza ziara ya Human Rights Now! ya shirika la Amnesty International, kuadhimisha miaka 40 ya Tamko la Haki za Binadamu. Ziara hiyo iliwachukua Bruce Springsteen, Sting, Peter Gabriel, Tracy Chapman na Youssou N'Dour wa Senegal, ikafika Afrika katika miji miwili, Harare nchini Zimbabwe na Abidjan nchini Ivory Coast. Onyesho la Harare lilikuwa na uzito wa pekee. Ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya utawala wa kibaguzi, na vijana wengi wa nchi hiyo walivuka kwenda kuona jukwaa moja lenye weusi na weupe.

Mtoto aliyeokolewa na hisani ya watu asiowajua alikuwa amefika mahali pa kutumia ufundi wake kuwachangia watu asiowajua. Kazi yake ilikuwa imeanza kwa harambee mwaka 1965, na mwaka 1991 iliisha akiandaa harambee nyingine.

Alichoacha

Ukumbi wa manispaa wa San Francisco sasa unaitwa kwa jina lake, na mwaka 1992 aliingizwa katika jumba la heshima la roki la Marekani. Ukumbi wa Fillmore, ulioharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1989, ulifunguliwa tena mwaka 1994. Pipa la matufaha likarudishwa mlangoni.

Kampuni yake haikubaki mikononi mwa watu wake. Mwaka 1997 iliuzwa kwa kampuni kubwa zaidi, na kupitia mauzo yaliyofuata ikaishia ndani ya Live Nation, ambayo mwaka 2010 iliungana na wauzaji wa tiketi, Ticketmaster. Mei 2024 serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo ikiituhumu kuhodhi soko la maonyesho. Kile kiwanda alichokilalamikia Graham mwaka 1971 kimekua kupita alivyoweza kukiona.

Kwa mashabiki na mapromota wa leo, somo lake si gumu. Anayewaita watu gizani, akachukua fedha zao na kuwafungia mlango, amebeba dhamana ya usalama wao, ya muda wao na ya masikio yao. Graham aliibeba akifoka, akikosea na akipata faida. Lakini hakuikimbia, na kila usiku onyesho lilipoanza, yeye alikuwapo ukumbini.